Somo: Kutengeneza rimu za aloi zilizokwaruzwa, nyumbani kwako

Kampala hii boda akikubana upande wa kulia, gurudumu la kushoto linalamba ukingo wa barabara na rimu inabaki na kovu. Kabla hujaenda soko la vipuri la Kisekka kutafuta rimu ya mtumba, angalia kovu lenyewe. Mkwaruzo wa juujuu unatengenezeka nyumbani. Rimu iliyopinda, inayovuja upepo, au yenye ufa hata mwembamba, achana nayo. Pati haishiki ufa. Na zile zenye uso wa fedha wenye vimistari vya duara kama santuri zimechongwa kwa mashine ya kukereza. Rangi ya kopo haiwezi kurudisha sura ile.

Tafuta msasa namba 120, 240, 400 na 800, tupa ndogo, pati ya epoksi ya chuma, praima ya alumini, rangi ya rimu, klia (rangi angavu ya kufunika juu), thina, tepu ya karatasi na barakoa. Barakoa si pambo: vumbi la alumini na moshi wa rangi si vitu vya kuvuta.

1. Vua na uoshe. Vua gurudumu, sugua kwa sabuni mpaka masizi ya breki yaishe, nyuma pia. Likikauka, pangusa kwa thina. Hapa wengi huharibu bila kujua: ile dawa ya kung'arisha tairi wanayopaka kwenye sehemu za kuoshea magari ina silikoni. Ikibaki kidogo tu, rangi inaikimbia na kuacha vishimo vya duara.

2. Funika. Punguza upepo, kisha chomeka karata kati ya tairi na rimu, moja ikilalia nyingine, duara zima. Pakiti ya karata za mchezo wa matatu iliyopungukiwa jokari ndiyo kazi yake sasa. Ziba valvu na matundu ya nati kwa tepu.

3. Msasa. Kazi yote iko hapa, rangi ni sherehe tu. Anza na tupa, kata vijino vilivyosimama pembeni. Ingia na 120, kisha 240, ukienda nje ya kovu kwa upana wa vidole viwili, ili rangi ya zamani ishuke taratibu bila ngazi. Fumba macho, pitisha kidole. Kidole kikigundua mpaka, rangi itauonyesha juani, tena kwa mbali. Rudia.

4. Pati. Ni kwa shimo tu. Changanya kama kopo linavyosema, paka nyembamba, acha iwe ngumu kabisa, kisha 240 na 400. Usiweke pati pale tairi linapokalia rimu.

5. Praima, rangi, klia. Pangusa tena kwa thina. Puliza ukiwa kama sentimita 20 hadi 25, mkono ukitembea muda wote, tabaka nyepesi mbili au tatu, ukisubiri dakika 10 hadi 15 kila mara. Praima ikikauka, pitisha 800 na maji, acha ikauke, ndipo rangi, mwisho klia. Fanya kivulini, kuanzia saa nne asubuhi, siku kavu. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, unyevu huifanya klia iwe nyeupe kama maziwa.

6. Rudisha. Usipake rangi mahali nati inapokaa wala sehemu inayogusa habu: rangi hubonyea na nati hulegea. Kaza nati kwa msalaba, yaani moja kisha ya upande wa pili. Nguvu ya kukaza kwa Corolla nyingi ni Nm 103, gari jingine fuata kitabu chake. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Maswali ya wanachama

*Dereva wa Ndeeba:* Fundi, jirani yangu anapaka rangi ya geti, anasema ni ile ile.

Kaka, geti halishikwi na joto la breki wala kupigwa mawe ya murram kila siku. Itabanduka.

*Mama wa Mbale:* Siwezi kufanya bila kuvua gurudumu?

Kovu dogo, mama, unaweza. Ila funika diski na kalipa za breki vizuri kabisa. Rangi kwenye diski inaharibu breki. Mimi ningevua.

*Afande wa Bombo:* Niioshe lini?

Afande, subiri wiki. Baada ya hapo maji ya sabuni tu. Usimruhusu kijana wa kuosha atumie dawa yenye asidi, wala kuleta bomba la presha karibu na ukingo uliotengenezwa.

*Dereva wa Jinja:* Nimepuliza silva lakini haifanani na rimu nyingine tatu.

Silva si moja, ndugu. Puliza kwanza nyuma ya rimu, iache ikauke, ilinganishe juani. Kama bado haikubali, paka rimu zote nne.