Namna ya Kujibu Barua ya Kutakiwa Kujieleza Kazini

Barua ya kutakiwa kujieleza si hukumu, ingawa wengi huipokea kana kwamba wamekwisha kufukuzwa. Ni hatua ambayo mwajiri anapaswa kuipitia kabla ya kuamua. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1982, unaeleza kwamba mfanyakazi asiachishwe kazi kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake kabla hajapewa nafasi ya kujitetea dhidi ya tuhuma zinazomkabili, isipokuwa pale ambapo haingekuwa busara kumtaka mwajiri atoe nafasi hiyo. Si kila nchi imeuridhia mkataba huo, lakini kanuni yenyewe imo katika sheria za kazi za nchi nyingi, kwa hiyo soma sheria yako na kanuni za mahali pako pa kazi kabla ya kushika kalamu.

Ukipewa barua, saini kwamba umeipokea na uandike tarehe na saa. Kusaini huko si kukiri kosa, na kukataa hakukufaidii kitu. Kisha isome mara mbili, uhesabu tuhuma ni ngapi, kila moja inahusu tukio la siku gani, na jibu linatakiwa lini. Muda ukiwa mfupi mno, au nyaraka unazozihitaji zikiwa mikononi mwa mwajiri, omba kwa maandishi uongezewe siku na upatiwe nakala, nawe ufanye hivyo kabla siku ya mwisho haijafika. Tuhuma isiyo na tarehe wala maelezo, kama vile "utendaji usioridhisha", iombee ufafanuzi, kwa maana hakuna awezaye kujitetea dhidi ya jambo asilolijua.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: humwandikia msimamizi aliyewaudhi. Msomaji wa kumfikiria ni yule ambaye huenda hajawahi kukuona, yaani mjumbe wa kamati ya nidhamu, msuluhishi au hakimu, aliyekaa na faili tu mbele yake miezi mingi baada ya tukio. Huyo hajui sifa zako wala ugomvi wenu wa zamani. Kwa hiyo fuata mpangilio wa tuhuma kama ulivyo katika barua, na kwa kila moja useme wazi kama unakubali, unakana, au unakubali tukio lakini unakana kwamba lilikuwa kosa.

Jibu la aina hii ya tatu ndilo linalohitajika mara nyingi, na ndilo linaloharibiwa zaidi. Tuseme umetuhumiwa kuondoka kazini bila ruhusa. Ukiandika "si kweli, ninaonewa", msomaji hana cha kushika. Lakini ukiandika "ni kweli kwamba tarehe 12 niliondoka saa 8 mchana, baada ya kumwarifu msimamizi wa zamu kwa ujumbe wa simu saa 7:40, naye akaniruhusu, nakala ya mazungumzo hayo nimeiambatisha kama kielelezo A", ni juu ya mwajiri sasa kueleza kwa nini hilo ni kosa. Kama ulikuwa mgonjwa, ambatisha cheti cha daktari, kwani mkataba huohuo unasema kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa si sababu halali ya kuachishwa.

Kama ulikosea, kubali kwa sentensi chache na ueleze ulichokwisha kukirekebisha. Kurasa tatu za shida za nyumbani hazipunguzi kosa. Na ukiamini kwamba kiini cha barua ni ujauzito wako, uanachama wako katika chama cha wafanyakazi au malalamiko uliyoyapeleka, liseme hilo mwishoni, pamoja na tarehe na ushahidi, baada ya kujibu tuhuma zote. Likitangulia, litaonekana ni njia ya kukwepa.

Usijiuzulu katika siku hizo kwa hasira, kwa kuwa kujiuzulu kunaweza kukuondolea haki ya kudai kwamba uliachishwa isivyo halali. Jibu likikamilika, mpe mtu unayemwamini, kama vile kiongozi wa chama chenu, alisome, kisha uliwasilishe katika nakala mbili, na yako irudi na muhuri wa kupokelewa.