Kugeuza gari barabarani: nenda kiplefti kwanza

Wadau mnaoendesha hapa Dodoma, ukipitiliza unapoenda usikate kona palepale kama bajaji, songa mbele mpaka kiplefti uzunguke urudi, ni dakika mbili tu na trafiki hana cha kukuuliza. Kama hakuna kiplefti, angalia mstari wa katikati, ule usiokatika hauruhusiwi kuuvuka, hata barabara iwe nyeupe kabisa. Kwenye kona, mlimani, darajani na kwenye zebra ndo usijaribu kabisa, wa mbele hakuoni.

Sasa pakiruhusiwa, washa indiketa ya kulia mapema, sogea karibu na mstari wa kati, cheki saiti mira halafu GEUZA SHINGO uangalie bega la kulia, maana bodaboda wetu ukipunguza mwendo tu yeye ndo anaovateki upande huohuo unaogeukia, na mira haimuonyeshi. Wa mbele na wa nyuma wote wapite kwanza.

Barabara ya Morogoro, mfano pale Kibaigwa penye malori ya mahindi, mi nashauri ingia sheli upande wako, geukia ndani, utoke ukiwa umenyooka. Lori lenye mzigo halisimami ghafla hata dereva akitaka.