Kila pesa iandike mara mbili: imetoka wapi, imeenda wapi

Kwa wale mnaanza biashara ndogo, hii nimeishika juzi tu kwa kibanda changu cha nafaka hapa Kibuye, Kisumu. Chukua daftari ya kawaida, piga mistari upate sehemu tatu: IMETOKA, IMEENDA, na shilingi ngapi. Mtaji wa 15,000 imetoka kwangu, imeenda keshi. Maharagwe ya 6,000 imetoka keshi, imeenda stoki. Mama wa chapati akichukua gorogoro mbili kwa deni, imetoka mauzo, imeenda deni lake, halafu siku akilipa unaandika imetoka deni lake, imeenda M-Pesa, si mauzo tena, na hapo ndipo nilikuwa najidanganya kabisa, naandika mauzo siku ya kubeba na siku ya kulipa alafu nashangaa faida iko wapi. Hata ile pesa unatoa M-Pesa kwa ajenti si mapato, imehama tu mfuko, ile ada ya kutoa ndiyo gharama. Na unga ukienda nao nyumbani, andika, usijionee aibu.

Jioni hesabu keshi na uangalie salio ya M-Pesa, zikikataa kulingana na daftari unajua ni leo kuna kitu.

Hesabu hiyo ya jioni haitakuokoa kama deni hukuliandika kabisa, ama umeandika deni la 500 badala ya 50. Wateja wa shilingi ishirini ishirini wakiwa wengi, mimi naandika jumla moja jioni.