LinkedIn kwa mtu wa shamba: nilivyoupanga wasifu wangu nikiwa Hombolo

Kwa miaka miwili mstari ulio chini ya jina langu LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa watu wa kazi, ulisomeka hivi: "Mtaalamu wa kilimo mwenye ari na kujituma." Hakuna aliyenitafuta, na angenitafutia lipi? Dodoma hii kila mwenye cheti cha kilimo ana ari. Mimi ni bibi shamba wa zabibu: napogolea (nakata matawi ya mzabibu yasiyotakiwa), nafundisha watu kupogolea, nagombana na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, kabla haujavamia vishada vya mteja. Nilipoandika hayo kama yalivyo, wiki ya tatu mtu akaniuliza bei.

Kwa hiyo anza na mstari huo. Unapewa herufi 220, lakini si lazima uzimalize. Weka kazi, fani na mahali. Wangu sasa ni: "Mshauri wa kilimo cha zabibu, Dodoma: upogoleaji, magonjwa, mashamba mapya." Anayetafuta mtu huandika "zabibu Dodoma" kwenye kisanduku cha kutafutia, haandiki "kujituma". Kuhusu lugha, LinkedIn inaruhusu wasifu mmoja uwe na lugha zaidi ya moja. Wangu mkuu ni wa Kiingereza kwa ajili ya watu wa miradi na viwanda vya mvinyo, wa pili ni wa Kiswahili.

Ngoja kidogo. Kabla hujagusa kitu, ingia kwenye mipangilio uzime ile sehemu inayowatangazia watu mabadiliko ya wasifu wako. Mimi sikuzima. Nilikuwa narekebisha tu tarehe za kazi niliyokuwa nayo, usiku, nimelala kitandani. Asubuhi nikakuta pongezi za "kazi mpya", na bosi wangu wa wakati ule akapiga simu saa mbili kasoro: "Dada, mbona unatuaga kimyakimya?" Ilinichukua kikao kizima kumwelewesha.

Picha: ile ya harusini iliyobaki na bega la mtu, iondoe. Jua letu la saa sita linachimba mashimo meusi chini ya macho, ukipigwa hapo unaonekana umeugua. Piga saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, uso ujae fremu, nguo za kazi zako. Mimi nimevaa kofia na nimeshika mkasi wa kupogolea. Ile picha pana ya juu nimeweka mistari ya mizabibu na nguzo zake, si machweo ya baharini. Sisi bahari tunaisikia.

Sehemu ya kujieleza ndiyo iliyonitoa jasho. Ina nafasi ya herufi 2,600, ila mgeni huonyeshwa mistari michache ya mwanzo tu mpaka abofye kuona zaidi. Nilikuwa nimeanza na nilikozaliwa na shule niliyosoma, yaani nafasi yote ya mbele imekwisha na kazi haijatajwa. Sasa inaanza hivi: "Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mkosaji kwenye kupogolea hulipa mara mbili. Nimesimamia ekari 14 mpya Hombolo, Mpunguzi na Chinangali, kuanzia kuchimba mashimo hadi mavuno ya kwanza." Baada ya hapo naeleza aina ninazozifahamu, Makutupora nyekundu na Chenin Blanc, kisha namna ya kunipata. Ukishindwa kuandika yako, mwambie jirani kwa sauti unachofanya kuanzia asubuhi mpaka jioni, jirekodi kwenye simu, halafu andika ulichosema. Toa tu sifa ulizojipa.

Na usiongeze chumvi. Mji huu mkubwa kwa ramani ni mdogo kwa watu, na mwenye zile ekari unazodai umezilima anaweza kuwa ndiye anayekusoma.

Ushuhuda wa watu wengine una uzito kuliko wako. Niliomba kwa msimamizi wangu wa mafunzo kwa vitendo. Sikumwambia "naomba uniandikie chochote", nilimwandikia: "Shikamoo mwalimu. Ukipata nafasi, naomba useme kuhusu ule msimu wa mvua tulioupitia na ubwiri, namna nilivyopanga ratiba ya kupuliza." Alijibu siku hiyohiyo, mistari minne, yote ya kazi.

Kuomba kuunganishwa na mtu usiyemjua, ongeza ujumbe mfupi. "Mambo" haitoshi, na "naomba kazi" inafunga mlango. Yangu moja ilikuwa: "Habari za kazi, Mhandisi. Nimesoma ulichoandika kuhusu umwagiliaji wa matone. Nina wakulima wa zabibu wenye tatizo la vitoneo kuziba, ningependa kufuatilia kazi zako." Alikubali.

Kuposti, mara moja kwa wiki inanitosha. Naandika kwenye simu nikiwa kwenye daladala kurudi mjini: picha mbili za mzabibu mmoja, kabla na baada ya kupogolea, na maelezo kwa nini kwenye tawi nimeacha macho mawili, yaani sehemu za kuchipulia, badala ya sita. Hizo naziandika Kiswahili. Sura ya mkulima siweki bila ruhusa yake, na madeni yake siyataji kamwe. Wiki nisiyokuwa na bando la kupandisha picha, natoa maoni yenye maana kwenye andiko la mtu mwingine. Wateja wangu wawili waliniona huko.

Vijana wengi, tangu wizara zihamie Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, wananiuliza kama LinkedIn itawaingiza serikalini. Maombi ya huko yanapita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, kajisajili kule. LinkedIn ni ya kampuni, miradi na wateja binafsi. Na akija "mwajiri" anayetaka utume ada ya usaili kwa simu kwanza, mripoti, kisha mzuie asikuandikie tena.

Badilisha pia anwani ya ukurasa wako, ile yenye tarakimu za ajabu mwishoni, ibaki jina lako. Ni dakika mbili, na ndipo inafaa kuiandika kwenye sivii na kadi.

La mwisho ni arifa za ujumbe: hakikisha zinafika kwenye barua pepe unayoifungua. Mimi nilikuwa nimejisajili na ya chuo. Mtu wa Chamwino mwenye ekari tatu aliniandikia, nikamwona siku ya kumi na moja. Alinijibu kwa upole kwamba mashimo yameshachimbwa, na aliyechimba ameyaweka karibu mno.