Jinsi ya kujua steji ya kansa ya mfuko wa nyongo, hatua kwa hatua

Watu wanaokuja kuchukua majibu hapa maabara Kampala wengi wanauliza swali moja tu, iko steji ngapi? Na mara nyingi mgonjwa alienda kutolewa mawe ya nyongo, hakuna aliyewaza kansa, darubini ndo ikaiona. Mimi niko patholojia, yaani tunaopima nyama kwa darubini, kwa hiyo naeleza vile tunafika kwenye hiyo namba, ili ukishika ripoti ya mama yako usibaki unaangalia herufi tu.

Hatua ya 1: mfuko ufike maabara
Hapa ndo napigia kelele kila siku. Ukishatolewa uwekwe kwenye kopo la mdomo mpana, formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, na iwe nyingi, mara kumi ya nyama yenyewe, sio kuubana kwenye kichupa kidogo. Hata kama mmeambiwa ni mawe tu, uliza kwa adabu, "Dokta, mfuko ulipelekwa maabara?" Ukitupwa basi, hakuna wa kuusoma tena.

Hatua ya 2: tunaukata
Mfuko una upande laini unaong'aa, unaotazama tumboni, na upande mwingine umeparuzika, huo ndo ulikuwa umeshikana na ini. Ule wa ini tunaupaka wino kwanza, halafu tunapasua kwa mkasi ule unaong'aa, nyongo inamwagika kijani, tunaosha polepole na kupapasa ukuta kwa kidole tukitafuta palipokuwa pagumu au pamenenepa. Tunachukua pia kipande pale mrija ulipokatwa, tuone kama kansa imefika ukingoni.

Hatua ya 3: T, imechimba mpaka wapi
T1a iko kwenye utando wa ndani tu. T1b imefika kwenye msuli. T2 imevuka msuli lakini haijatoboa nje wala kuingia kwenye ini, na hapo ndo wino unasaidia, kwa sababu T2a ni upande wa tumboni na T2b ni upande wa ini, na hii ya pili kwa kawaida ni mbaya zaidi. T3 imetoboa ganda la nje, au imeingia kwenye ini, au kiungo kimoja cha jirani kama tumbo au utumbo. T4 imeshika mshipa mkubwa wa damu unaoingia kwenye ini, au viungo viwili na zaidi nje ya ini.

T1a mara nyingi kutoa mfuko kunatosha. Kuanzia T1b, kama mgonjwa ana nguvu na haijasambaa, madaktari wanafikiria kumrudisha kwenye upasuaji, wakate kipande cha ini pale mfuko ulipolala pamoja na tezi za limfu za jirani. Tofauti ya msuli mwembamba tu lakini matibabu yanabadilika kabisa.

Hatua ya 4: N, tezi
N0 hakuna tezi yenye kansa, N1 ni tezi 1 mpaka 3, N2 ni 4 kwenda juu. Tafadhali ukiona NX usifurahi ukidhani ni sifuri, maana yake tezi hazikupimwa, na upasuaji wa mawe huwa hautoi tezi za kutosha. Zinatakiwa angalau 6 ndo hesabu iaminike.

Hatua ya 5: M, imesambaa mbali au la
Hii sio ya darubini peke yake, inataka sitii skani ya kifua na tumbo, na wakati mwingine kamera inaingizwa tumboni kabla ya kupasua. Imeenda mbali, ni M1. Kipimo cha damu cha CA 19-9 hakitoi steji, maana kinapanda hata mrija wa nyongo ukiziba tu.

Hatua ya 6: unganisha
T1 bila tezi yenye kansa ni steji 1. T2a ni 2A, T2b ni 2B. T3 bila tezi yenye kansa ni 3A. N1 ikiongezeka kwenye T1 mpaka T3 inakuwa 3B. T4 yenye N0 au N1 ni 4A. N2 au M1, hata T ikiwa ndogo, ni 4B.

Mkitumwa Taasisi ya Kansa pale Mulago msibebe karatasi tu, ombeni maabara iwape bloku (nyama iliyogandishwa kwenye nta) na slaidi (vioo vya darubini) zenyewe, kwa sababu wanaweza kutaka kuzisoma upya kabla hawajapanga matibabu, na zisipokuwepo mnarudishwa barabarani kuzifuata huku mgonjwa anasubiri.