Prosesa ya seva au ya kompyuta ya mezani: namna ya kuamua kabla ya kununua mashine ya ofisi

Mnunuzi anayetafuta mashine ya kuhudumia ofisi yake, akiingia katika duka la kompyuta za mtumba, huonyeshwa mambo mawili: seva ya rafu yenye prosesa moja au mbili za Xeon (prosesa za Intel za seva), iliyoondolewa katika kituo cha data cha ng'ambo, na kompyuta ya mezani yenye Core ya Intel au Ryzen ya AMD ya vizazi vya karibuni. Muuzaji husifia ya kwanza kwa idadi ya kore (vitengo vya kukokotoa ndani ya prosesa) na ya pili kwa upya wake. Sifa zote mbili ni za kweli, lakini hakuna kati yake inayotosha kukufanya utoe fedha.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja: ofisi ya wafanyakazi wapatao ishirini, inayohitaji mashine ya kuendesha hifadhidata ya mfumo wa uhasibu, kuhifadhi mafaili ya pamoja, na kubeba mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya mashine moja) mbili au tatu. Nitalinganisha Xeon E5-2680 v4, iliyotoka mwaka 2016 ikiwa na kore 14, nyuzi 28 (idadi ya kazi inazoweza kuendesha kwa wakati mmoja), kasi ya GHz 2.4 inayoweza kupanda hadi 3.3, na kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 35, na Core i5-12400, iliyotoka mwaka 2022 ikiwa na kore 6, nyuzi 12, kasi ya GHz 2.5 inayopanda hadi 4.4, na kache ya MB 18. Kwa kutazama takwimu hizo tu, Xeon inashinda kwa mbali. Msimamo wangu ni kwamba kwa ofisi ya namna hii mara nyingi haishindi, na pale inaposhinda, ushindi wake hautokani na kore bali na vitu vinavyoizunguka: RAM, njia za PCIe (zinazounganisha prosesa na kadi na diski) na ubao mama.

Hatua ya kwanza: pima kazi iliyopo

Usianze na duka, anza na mashine inayofanya kazi hiyo sasa, hata kama ni kompyuta kuukuu. Chagua saa ambazo watu hulalamika, kwa mfano siku za kufunga hesabu za mwezi, kisha uangalie prosesa inavyotumika kwa kila uzi, si kwa wastani. Katika Windows fungua Task Manager, nenda kwenye sehemu ya utendaji, na ubadilishe mchoro wa prosesa ili uonyeshe kila uzi peke yake. Katika Linux andika top kisha ubonyeze 1.

Wastani hudanganya sana hapa. Prosesa yenye nyuzi 8, ambamo uzi mmoja umebanwa hadi mwisho na mingine saba imelala, itakuonyesha matumizi ya asilimia 12.5, nawe utadhani ina nafasi tele wakati mhasibu anasubiri ripoti yake. Ukiuona mchoro wa namna hiyo, kuongeza kore hakutasaidia chochote. Unachohitaji ni kore yenye kasi zaidi. Ukiona nyuzi zote zimepanda kwa pamoja na kubaki juu, hapo ndipo idadi ya kore inapoanza kuwa na maana.

Angalia pia herufi wa katika safu ya juu ya top. Zinaonyesha muda ambao prosesa imekaa bure ikiisubiri diski. Nambari hiyo ikiwa kubwa, funga mwongozo huu, nunua SSD nzuri, na upime upya baada ya kuiweka. Sehemu kubwa ya malalamiko kuhusu prosesa ambayo mafundi huitiwa huishia hapo.

Hatua ya pili: linganisha kore moja na kore moja

Mifumo mingi ya uhasibu huegemea hifadhidata, na hifadhidata hugawa kazi kwa namna yake. Katika MySQL, swali moja kwa kawaida hutekelezwa na uzi mmoja tu mwanzo hadi mwisho. PostgreSQL huweza kuligawa swali moja kwa kore kadhaa tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016, lakini huwa haifanyi hivyo kwa maswali madogo madogo yanayotawala siku ya ofisi. Kwa hiyo mtumiaji mmoja anayesubiri ripoti moja anaihisi kasi ya kore moja, na watumiaji ishirini ambao hawabonyezi kitufe kwa sekunde ileile hawajazi nyuzi 28.

Ukiweza kuzifikia mashine zote mbili, endesha amri ya sysbench, programu ya kupima kasi, yaani sysbench cpu --threads=1 run, katika kila moja, kisha urudie kwa nyuzi zote. Katika jaribio la uzi mmoja utaona kwamba i5-12400 inaikaribia mara mbili ya kasi ya E5-2680 v4, kwa sababu tofauti haiko kwenye GHz peke yake. Kore ya mwaka 2022 hufanya kazi nyingi zaidi kwa kila mzunguko. Katika jaribio la nyuzi zote pengo hilo hupungua au kugeuka, kutegemea kazi. Usichukue jaribio moja kama hukumu: pakua nakala ya hifadhidata yako, iweke kwenye mashine unayoifikiria, na uendeshe ripoti nzito kuliko zote.

Wapo wanaosema prosesa za seva hupata data kutoka kwenye RAM kwa upana mkubwa zaidi. Hili ni kweli kwa seva mpya: EPYC (prosesa za seva za AMD) za mfululizo wa 9004 zina njia 12 za DDR5. Kwa mfano wetu si kweli tena. Njia nne za DDR4-2400 za E5-2680 v4 hutoa GB 76.8 kwa sekunde, na njia mbili za DDR5-4800 za i5-12400 hutoa GB 76.8 vilevile.

Hatua ya tatu: amua kuhusu RAM

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo usiharakishe. Jiulize maswali matatu.

Swali la kwanza ni kiasi. Core ya kizazi cha 12 hupokea hadi GB 128, na prosesa mpya za mezani zinazotumia DDR5 hufika GB 192 na baadhi yake 256. E5-2680 v4 hupokea hadi TB 1.5. Jumlisha RAM ya mashine pepe zako zote, ongeza nafasi ya hifadhidata kukua kwa miaka mitatu, na uone unafika wapi. Ofisi ya mfano wetu kwa kawaida hutoshwa na GB 64. Anayeendesha mashine pepe thelathini hana haja ya kuendelea kusoma. Anahitaji prosesa ya seva.

Swali la pili ni ECC, yaani RAM inayogundua na kusahihisha kosa la biti moja kabla halijaandikwa kwenye diski. Si jambo la nadharia: utafiti uliofanywa katika seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipatwa na makosa katika mwaka mmoja. Biti iliyogeuka katika mchezo wa kompyuta haimdhuru mtu. Biti iliyogeuka katika salio la mwanachama wa SACCOS ni jambo jingine kabisa, tena litanakiliwa hadi kwenye nakala rudufu bila mtu yeyote kujua. Kwa mashine inayotunza fedha za watu mimi husisitiza ECC. Jihadhari na muuzaji anayekwambia kwamba DDR5 zote zina ECC ndani yake: zina usahihishaji unaofanyika ndani ya chipu ya RAM yenyewe, ambao haulindi data ikiwa njiani kati ya RAM na prosesa.

Swali la tatu ni aina ya kipande. Seva za E5 kwa kawaida hutumia RDIMM (vipande vya RAM vya seva), na hizo hazifanyi kazi katika ubao mama wa kompyuta ya mezani hata kama zote ni DDR4 na zinaingia vizuri katika nafasi yake. RDIMM za mtumba hupatikana kwa wingi na kwa bei nafuu, na hiyo ni hoja halali ya kuichagua seva. Lakini usizinunue kwanza halafu ukatafute mashine ya kuziweka.

Hatua ya nne: hesabu njia za PCIe

E5-2680 v4 moja ina njia 40 za PCIe 3.0, i5-12400 ina 20. Ukitaka kadi mbili za michoro, kadi ya mtandao ya Gbps 10 na diski nne za NVMe (SSD zinazotumia njia za PCIe) kwa pamoja, ubao wa mezani utakuishia njiani. Ofisi yetu inahitaji diski mbili na kadi moja ya mtandao, hivyo tupite.

Hatua ya tano: angalia usimamizi wa mbali

Dell PowerEdge R730 na HPE ProLiant DL380 Gen9, ambazo ndizo nyumba za kawaida za E5 v4, zina kompyuta ndogo ndani yake, iDRAC kwa Dell na iLO kwa HPE, inayokuwezesha kuwasha mashine, kuona skrini kabla mfumo endeshi haujapanda, na kusoma joto na makosa ya RAM ukiwa mkoa mwingine. Kwa fundi anayehudumia ofisi iliyo mbali, kifaa hicho kina thamani kuliko kore kumi za ziada. Kabla ya kulipa, thibitisha kwamba leseni yake inaruhusu kuona skrini kutoka mbali, kwa sababu leseni ya msingi mara nyingi hairuhusu, na kamwe usiifungulie mlango wake moja kwa moja kwenye intaneti.

Zipo pia mbao mama za X99 zisizo na jina, zinazouzwa pamoja na Xeon ya mtumba kama kifurushi. Hazina usimamizi wa mbali, masasisho ya BIOS ni adimu, na kwa kuwa E5 haina michoro ndani yake utalazimika kununua kadi ya michoro. Ukichukua Xeon kwenye ubao wa namna hiyo umebeba uzee wa seva na kuacha faida zake.

Hatua ya sita: piga hesabu ya umeme na leseni

Kiwango cha wati kilichoandikwa kwenye prosesa, 120 kwa Xeon yetu, hakikuambii mashine nzima inakula nini ikiwa imetulia, na seva ya ofisi hukaa imetulia muda mwingi. Azima kipima umeme cha kuchomeka ukutani. Tuseme seva ya rafu yenye prosesa mbili inakula wati 120 ikiwa imetulia, na kompyuta ya i5-12400 inakula 40. Tofauti ya wati 80, saa 24 kwa siku 365, ni takriban uniti 700. Kwa mteja wa TANESCO (shirika la umeme la Tanzania) wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, anayelipa kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni karibu shilingi 250,000 kwa mwaka, bila kuhesabu kiyoyozi, na bila kuhesabu dakika ambazo UPS (betri ya akiba) ileile inapoteza umeme unapokatika. Feni za seva ya rafu pia zina kelele. Usiiweke chumba kimoja na watu.

Leseni nazo hufuata kore. Windows Server 2022 Standard hulipiwa kwa kore halisi, si nyuzi, na kiwango cha chini ni kore 16 kwa kila seva. Xeon moja ya kore 14 na Core ya kore 6 zote zitalipiwa 16. Xeon mbili zitalipiwa 28. Anayetumia Linux hana gharama hiyo, ila akague uzee wa prosesa: Red Hat Enterprise Linux 10 inadai maelekezo ya AVX2 (seti ya amri za ndani ya prosesa), ambayo E5 za vizazi vya v3 na v4 zinayo lakini E5 v2 hazina. Kwa sababu hiyo sishauri mtu anunue v2 leo hata akipunguziwa bei nusu.

Hatua ya saba: tazama kundi la katikati

Wengi hawajui kwamba zipo prosesa za seva zenye umbo la mezani. Xeon E-2300 zina hadi kore 8, na EPYC 4004, zilizotoka Mei 2024, hukaa katika soketi ileile ya AM5 ya Ryzen. Zote zinakubali ECC isiyo RDIMM, na kasi ya kore moja haipotei. Baadhi ya Core za kizazi cha 12 nazo hukubali ECC zikiwekwa kwenye ubao wenye chipseti ya W680. Kwa ofisi ya mfano wetu, yenye hifadhidata ya fedha na RAM isiyozidi GB 128, ningeanzia hapa. Ikiwa fedha haitoshi na mashine ni ya mafaili tu, i5-12400 yenye nakala rudufu ya kila siku inatosha. R730 ningeichukua pale ambapo RAM nyingi au usimamizi wa mbali ndiyo haja yenyewe, tena kwa prosesa moja kwanza.

Hatua ya nane: kagua ndani ya siku za marejesho

Soma maandishi ya juu ya prosesa. Xeon halali ya kizazi hicho ina msimbo unaoanza na SR. Yenye msimbo unaoanza na Q au maneno INTEL CONFIDENTIAL ni sampuli ya majaribio, irudishe. Kisha andika lscpu kuhakiki jina na idadi ya kore, na dmidecode -t memory kuhakiki kwamba aina ya usahihishaji wa makosa si None. Endesha memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Asubuhi endesha stress-ng, inayoibebesha prosesa mzigo mzito, kwa saa kadhaa huku ukitazama joto kwa amri ya sensors, na mwisho usome hesabu za makosa kwa edac-util. Kosa lililosahihishwa likijirudia kwenye nafasi ileile, hamishia kipande hicho nafasi nyingine na urudie jaribio: kosa likikifuata kipande, rudisha kipande, likibaki kwenye nafasi, rudisha mashine.