Maji kwa sisi wa bodaboda

Februari hapa Dar jua halina huruma, na ukivaa helmeti na koti zito jasho linatoka bila wewe kujua. Usingoje koo likauke. Mimi nikiamka nakunywa vikombe viwili kabla ya chai, kisha chupa ya lita moja na nusu naifunga kwenye keria. Kunywa mafunda machache kila ukishusha abiria. Ukibugia yote kwa mpigo utahangaika kutafuta choo katikati ya Kariakoo, tena cha kulipia.

Kipimo ni mkojo. Njano iliyofifia, uko sawa. Ukikolea kama chai ya rangi, ongeza maji. Wataalamu wa Ulaya wanataja lita 2.5 kwa siku kwa mwanamume na 2 kwa mwanamke, pamoja na yaliyomo kwenye chakula, na hapo hawajalionja jua letu. Uji, tikiti, dafu, hata chai, vyote vinahesabika.

Ukiharisha, maji matupu hayatoshi. Kama huna pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), chukua lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe na mlima. Chumvi usizidishe. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo amuulize daktari wake kwanza.